Taa Nyekundu Isiyowaka

Ndugu, jamaa na majirani, mliopata viti na mliosimama mlangoni, familia imeomba maisha ya mpendwa wetu yasomwe yote bila kuruka, hata ile sehemu ya mwishoni ambayo baadhi yetu tulitaka ikatwe, kwa kuwa mjane wake amesema isiposomwa leo mbele ya umati huu, hakuna siku nyingine itakayomfaa mtu.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Pima, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1958 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1966, ambako alitolewa darasani kila mara kwa kosa lile lile la kufungua kengele ya umeme aone kinacholia ndani, hata mwalimu mkuu alipochoka alimpeleka mwenyewe chuo cha ufundi mwaka 1975, akawaambia wa huko wamchukue haraka kabla hajaifungua na serikali.

Alihitimu mwaka 1978, akaajiriwa katika karakana ya redio, na mwaka 1991 akafungua chumba chake cha kazi, ule mlango wa bluu kati ya kinyozi na duka la rangi, akawa anatengeneza visanduku vya tahadhari vyenye taa mbili ndogo za LED, ya kijani kusema mtambo mzima, nyekundu kusema kimbia, vinavyofungwa kwenye boila, pampu na jenereta. Jina la Pima alibandikwa na kinyozi, kwa sababu taa hizo zina upande wa chanya na upande wa hasi, ukizigeuza hazitoi moshi wala harufu, zinanyamaza tu, naye hakuunganisha hata moja bila kuigusisha kwanza kwenye betri na kuiona ikiwaka, hata pale mguu mrefu wa taa ulipokwisha kumwonyesha kuwa chanya ndiyo hii, na kinyozi alipomtania kwamba atapima mpaka jeneza lake, alijibu, "Na wewe ndiye utakayenishikia waya."

Mkewe alikutana naye alipomletea redio iliyokufa, kumbe betri zilikuwa zimewekwa kinyumenyume, akamwambia, "Dada, hizi zimelala kichwa miguuni," naye dada akamjibu, "Basi ziamshe, kaka, cheko utanipa baadaye," na hiyo baadaye ikawa ndoa, tarehe 21 Aprili 1984, wakajaliwa mabinti wawili, ambao wachumba wao walihojiwa ukumbini kwa ukali kiasi kwamba mmoja, ambaye leo ni mkwe wetu mpendwa, aliuliza kama na yeye atawekewa betri.

Mwezi Agosti 2022 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, madaktari wakagundua moyo umechoka, wakamkataza kwenda kazini, naye akatii kwa namna yake, yaani akaihamishia kazi kwenye meza ya chakula. Ilikuwa Januari 2023, mkewe akishona pembeni, alipofungua mfuko mpya wa taa nyekundu, akazikata miguu zote zilingane kwa sababu hakupenda kazi chafu, kisha akawa anaziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akitazama kile kipande kikubwa mfano wa kikombe kilichomo ndani, ambacho katika taa zote alizozijua kilikuwa upande wa hasi, na kuziunganisha moja kwa moja. Mkewe alisimamisha cherehani akamwuliza, "Baba, leo hupimi?" naye, akihema, akasema, "Mama, hizi nazijua kama vidole vyangu." Mjane anasema alitaka kuuliza tena, akamwonea huruma, akakanyaga cherehani.

Katika taa za mfuko ule, kikombe kilikuwa upande wa chanya. Visanduku vilipowashwa, taa ya kijani iliwaka vizuri, na nyekundu ilikuwa giza kama inavyotakiwa iwe siku njema, kwa hiyo hakuna aliyestuka, vikauzwa, vikafungwa, mpaka mwezi Oktoba maji yalipopungua kupita kiasi ndani ya boila ya dobi wetu, naye akaendelea kupiga pasi huku akitazama taa isiyosema kitu, hadi boila ikapasuka na mvuke ukamla shingo na mkono.

Marehemu alishikwa mkono na mkewe mpaka pale, akafungua kisanduku, akaigusisha taa kwenye betri, kimya, akaigeuza, ikawaka nyekundu, naye akakaa chini kwenye maji yaliyomwagika sakafuni. Tangu siku hiyo hakulala kitandani kama mgonjwa, alizunguka na mkewe mitaani, akipumzika kwenye kila ngazi, akabisha kila mlango alioukumbuka, akazigeuza taa moja baada ya nyingine, na wenye mitambo wakamcheka kwamba mzee sasa anatembelea taa zake, mpaka kikabaki kisanduku kimoja tu, kilichochukuliwa na mteja aliyelipa taslimu na kuondoka bila jina, mwenye koti la mvua, aliyesema ni cha mahali penye watu wengi. Hicho hakukipata. Alifariki tarehe 17 Februari 2024, wodini, na neno lake la mwisho kwa mkewe lilikuwa kuuliza kama simu imelia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia mgonjwa asiyetulia, majirani waliopika na kuchota maji, mafundi wenzake waliosaidia kutafuta, kinyozi aliyefunga duka leo, na kwa namna ya pekee dobi, ambaye amekuja na bandeji yake na kukaa mstari wa mbele.

Kisanduku hicho ni cha kijivu, ukubwa wa kitabu, na skrubu zake zimepakwa rangi ya kucha ya zambarau. Huenda kiko ukutani mahali ambapo mmoja wenu hupita kila asubuhi, akaiona nyekundu imelala, akashukuru Mungu, akaendelea na kazi. Tunaomba mkitoka makaburini msiende nyumbani kwanza, piteni kazini kwenu, shuleni, ukumbini, mtazame, na mkikiona zimeni mtambo, watoeni watu, ndipo mtupigie, mjane atapokea saa yoyote.

Pumzika kwa amani, Pima, nasi tutaendelea kubisha hodi.