Nyayo za Mzee Tuta

Ninadai, na nitalitetea dai hili mbele ya yeyote, kwamba kituo chetu cha ufugaji wa samaki kimepata kuwa na mhandisi mmoja tu, naye hana cheti. Anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja na mabwawa arobaini ya udongo. Sisi humwita Mzee Tuta. Kwenye orodha ya watumishi ameandikwa kibarua.

Kila bwawa alilianza kwa bonge la udongo mbichi. Alilifinyanga likatoshana na chungwa, akalirusha juu, akalidaka. Likipasuka, udongo huo haungezuia maji, naye alihamia mahali pengine. Mkurugenzi alipozama kiatu topeni siku ya uzinduzi wa bwawa moja, Mzee Tuta alikichomoa, akakiosha, akamhakikishia kwamba tope lile ni daraja la kwanza.

Nilipowasili na shahada yangu, bonge hilo nililicheka. Nilichora bwawa la thelathini na tisa, nikaagiza tuta la kuzuia maji liinuliwe juu ya nyasi, bila mtaro wa msingi wa kushindilia udongo wa mfinyanzi. Aliniuliza mara moja tu: “Una hakika, mwanangu?” Nikamjibu kwa kurasa za vitabu. Siku ya nne baada ya kulijaza, maji yalikuwa yamepenya chini ya tuta na vifaranga wa samaki wanatapatapa topeni. Aliwahamisha kwa ndoo, kisha akalichimba upya tuta lote. Ripoti ikalaumu udongo, naye hakunitaja. Ninaisahihisha leo: udongo ulikuwa mzuri.

Kila bwawa jipya lilipojazwa, alilizunguka pekupeku siku saba, akiusikiliza unyevu kwa nyayo. Tulimwona dirishani, peke yake. Mchana aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, na chupa ya chai na vikombe viwili. Cha pili, tangu mkewe afariki, hakijalowa. Ofisi yetu ina viti kumi na viwili. Hakuna aliyemkaribisha, wala mimi.

Mzee wetu, ahsante. Tunakuombea afya, mapumziko marefu, na mtu wa kukishika kikombe hicho. Ukiniruhusu, Jumapili nitakuja mimi.

Lakini nafasi yake imefutwa. Tumeambiwa katapila linatosha. Bwawa la arobaini na moja litajazwa mwezi ujao. Nani atalizunguka siku hizo saba? Ninautaka uongozi unijibu hadharani, katika toleo lijalo la jarida hili, na jibu litiwe saini.