Pengo la Mzee Lembris: Kumuaga Bi. Leonida Akonaay

Ifikapo tarehe 30 Juni 2025, Bi. Leonida Akonaay, fundi wa meno bandia katika hospitali yetu hapa Karatu, atavua koti jeupe alilolivaa kwa miaka thelathini na miwili. Makoti amebadilisha mengi, ukali hajabadilisha.

Alizaliwa Daa, katika familia ya wakulima. Alianza kazi peke yake, katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. Leo maabara ina mafundi watatu. Wote amewafundisha yeye, na wote wanamwogopa kidogo.

Mgonjwa wa Bi. Leonida haruhusiwi kuondoka na meno mapya mpaka ale kiazi cha kuchemsha mbele yake. Kioo hupewa baadaye. Msimamo wake ni kwamba meno bandia hukaa kwenye fizi, lakini mwenye nyumba ni ulimi: ndio unaokusanya chakula, ukakibana kwenye kaakaa na kukisukuma kooni. Meno ya juu yakiwa na bamba nene la kufunika kaakaa, ulimi hupotea njia. Ya chini yakiubana, huyanyanyua kila mara mtu anapomeza. Hapo mtu hupaliwa na mate yake mwenyewe, na meno huishia kabatini, yakisubiri Jumapili. Kwa sababu hiyo mji mzima humwita Mama Kiazi, jina ambalo huliitikia bila kutabasamu.

Lakini hakuna fundi asiyekosea, na kosa lake tunalikumbuka kuliko sifa zake zote.

Mzee Lembris, mfugaji wa Piyaya, alikula kiazi chake kwa shida kidogo, tukadhani ni ugeni wa meno. Yalikuwa kamili juu na chini, yanang'aa. Baada ya wiki kadhaa alirudi amekonda, meno kayafunga kwenye ncha ya shuka. Kila akimeza, ulimi uligonga ukuta mbele na meno ya chini yakaelea. Hilo angelivumilia. Kilichomleta ni harusi ya binti yake wa mwisho, Kaika. Kwao baba humbariki binti anayeondoka kwa kumpulizia maziwa kutoka kinywani, na yeye maziwa yalimtiririka kidevuni. Akivua meno, midomo iliingia ndani na mambo yakawa yale yale.

“Binti yangu,” alimwambia Bi. Leonida, “umenipa kinywa cha mtu mwingine. Mtoto wangu ataondokaje bila baraka?”

Bi. Leonida alimkalisha, akamwomba amsimulie habari za ng'ombe wake, naye akawa anautazama ulimi. Kila alipotua, ncha yake ilishuka mbele, chini, kutafuta pengo. Mzee aling'olewa meno mawili ya mbele ya chini akiwa mtoto, kama wenzake wa rika lake. Tangu hapo ulimi wake ulipumzika pale, na pale ndipo pumzi ilipopitia. Bi. Leonida, kwa nia njema kabisa, alikuwa amepaziba.

Alimwomba radhi palepale, mbele yetu, akayaondoa meno mawili ya mbele ya chini, yasiyo na kasoro yoyote. Baadhi yetu tuliguna kwamba tutachekwa, hospitali inatoa meno yenye pengo. Alitutuma maziwa.

Siku hiyo kiazi kilipumzika. Nyuma ya maabara, Mzee Lembris alipiga funda, akameza bila kukohoa. Akapiga la pili, akapuliza. Yalitoka manyunyu membamba, yote yakatua kwenye koti jeupe. Bi. Leonida alilia, jambo ambalo hatukuwahi kuliona na hatujaliona tena. Alishinda na koti lile hadi jioni. Kaika aliondoka kwao amebarikiwa, na leo ana watoto wawili. Tangu hapo, kabla ya kuchukua kipimo chochote, Bi. Leonida humuuliza mgonjwa ulimi wake umezoea nini.

Mama Kiazi, ahsante kwa kazi na kwa makaripio. Huko Daa uendako, mvua ikunyeshee kwa wakati, na kila utakachokula kishuke salama.

Kuhusu ratiba ya hafla ya kumuaga: Mzee Lembris ametuma salamu kwamba atakuja na kibuyu chake cha maziwa, na hotuba hana. Tumempa nafasi kabla ya mgeni rasmi. Waalikwa wa mstari wa mbele mnashauriwa kuvaa nguo zinazofulika. Bi. Leonida ameshasema atakuja na koti, na atalivua baada ya hapo.