Fundi Asiyevaa Barakoa

Siku zile za marufuku ya korona tulikaa mbali mbali ndani ya basi, kama watu waliogombana. Mbele yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mdomo wazi bila barakoa, amepakata ile kofia yake ya kazi inayofunika uso mzima. Upande wa pili alikaa mkunga aliyekuwa akitoka zamu. Walikuwa hawajuani.

"Kaka, kazini unafunika uso wote," mkunga akamwambia. "Barakoa tu ndiyo inakushinda?"

"Cheche naziona, dada. Hicho kirusi chenu nani kakiona?"

Nilitaka kucheka, maana hoja hiyo tulishaisikia mpaka ikatuchosha. Lakini mkunga hakubishana naye. Alimtazama kidogo, akauliza taratibu, "Umefiwa na nani?"

Fundi akaigeuza kofia mapajani. "Mama. Siku nne nilimlisha kwa mkono wangu, mdomo wazi hivi hivi. Nikivaa leo, nitakuwa nimekubali kwamba mimi ndiye niliyemletea ugonjwa."

"Si lazima uwe wewe."

"Hata mama mwenyewe kaniambia hivyo asubuhi."

Hakuna aliyemuuliza asubuhi ipi. Basi liliposimama, mkunga alimnyooshea barakoa mpya, lakini fundi hakuipokea. Alisogea pembeni kwanza, kama anayempisha mzee atangulie, kisha akashuka ngazi moja moja, mkono mmoja ameukunja kama aliyeshikwa kiwiko.

Kondakta, aliyekuwa akituharakisha sote tangu mwanzo wa safari, alishikilia mlango, akasubiri.