Abdiel Ndesanjo Nnko, Askari Aliyetufundisha Kumwogopa Nyati

Marehemu Abdiel Ndesanjo Nnko alizaliwa tarehe 14 Juni 1961 katika kijiji cha Ngurdoto, Meru, mtoto wa tatu kati ya saba wa wazee wetu Ndesanjo na Nkasiogi. Alibatizwa na kulelewa katika Kanisa la Kilutheri, kwenye shamba la kahawa na migomba linalopakana na msitu. Alipokuwa na miaka tisa, dada yake mkubwa aliuawa na nyati alipokwenda kukata majani ya ng'ombe. Abdiel hakupenda kulisimulia jambo hilo.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini na kumaliza darasa la saba mwaka 1976. Nafasi ya sekondari hakuipata, akabaki shambani na baba yake, kisha akapitia mafunzo ya mgambo.

Februari 1984 aliajiriwa kuwa askari wa hifadhi, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2021. Alisindikiza wageni kupanda Mlima Meru, bunduki begani. Katika miaka yote hiyo alifyatua risasi mara mbili tu, zote hewani. Kwenye mikutano ya kijiji alisema bila kupamba: "Tembo atapanua masikio. Kiboko atapiga miayo. Nyati hakwambii kitu. Akikujia, panda mti. Kama mti hakuna, lala kifudifudi, ung'ang'anie ardhi." Watoto wa Ngurdoto waliyajua maneno hayo kama wanavyojua sala ya chakula.

Jumamosi tarehe 4 Novemba 1989 alifunga ndoa na Ruth. Siku ya kujitambulisha ukweni alitazamiwa saa nne asubuhi, akafika saa kumi jioni, suruali ya Jumapili imechanika gotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unatoka wapi saa hizi?"

"Juu ya mti, baba. Nyati alilala chini yake."

Mzee aliitazama ile suruali, akacheka mpaka akatafuta kiti. Posa ilipokelewa siku hiyohiyo.

Alhamisi tarehe 8 Mei 2025, yapata saa moja asubuhi, ukungu ukiwa haujainuka, nyati dume mzee, aliyeachwa na kundi lake, aliingia kwenye migomba. Jirani yetu Rachel alikuwa anatoka mferejini na ndoo ya maji, mtoto wake wa miezi minane mgongoni. Abdiel ndiye aliyemwona mnyama kwanza.

"Lala chini, mama! Lala!"

Rachel alipiga magoti, akasita. "Nitalalaje na mtoto?" alilia.

Nyati aliinua kichwa. Hapo Abdiel alivua koti, akalipunga na kukimbilia upande wa pili huku akipiga kelele. Nyati akamfuata yeye.

Pembe ilimchoma pajani na tumboni. Majirani walipiga madebe hadi mnyama akarudi msituni, wakamkimbiza Abdiel hospitalini Arusha mjini. Alipasuliwa mara mbili. Jeraha la tumbo likaoza, na homa ikakataa kushuka.

Loishiye, mwenzake wa zamani kazini, alikwenda kumwona. "Afande," alimwuliza, "si wewe uliyetufundisha kulala chini?"

Abdiel alivuta pumzi kwanza. "Nilimfundisha mtu aliye peke yake. Yule alikuwa na mtoto mgongoni."

Loishiye alipoondoka, Ruth alimshika mkono mumewe, akamwuliza kama aliogopa.

"Sana, Mama Thomasi. Niliogopa sana."

Aliaga dunia Jumanne tarehe 27 Mei 2025, saa tatu asubuhi, Ruth akiwa kando ya kitanda. Zilibaki siku kumi na nane atimize miaka sitini na minne.

Ameacha mjane, Ruth, watoto watatu, Thomasi, Evaresta na Meshack, wajukuu watano, na ndugu watano. Rachel alikuja msibani siku ya kwanza akasimama nje ya ua, akiona haya kuingia. Ruth alitoka, akampokea mtoto, akaingia naye ndani. Leo ameomba Rachel akae kwenye viti vya familia, na yupo pale, mtoto akiwa amelala mapajani pake.

Bwana ampumzishe Abdiel kwa amani, katika udongo wa nyumbani kwake.