Mama Kasema Hajambo

Viti vitupu vilikuwa tele ndani ya basi, ila nilikaa nyuma ya abiria wawili makusudi, maana maneno yalishakolea. Mwanamke mwenye kikapu cha nguo za mgonjwa alikuwa akimbana muuguzi aliyekuwa akienda zamu.

"Mama yangu kafika dharura saa moja. Mpaka saa nne natoka kumfuatia nguo, bado yuko benchi na utepe wa kijani mkononi, na waliokuja nyuma yake wanapitishwa. Ndiyo haki hiyo, mdogo wangu?"

"Dada, pale hatuangalii nani kawahi. Utepe mwekundu anaingia papo hapo, wa njano anangoja kidogo, wa kijani anaweza kungoja. Alipoulizwa hali, alijibuje?"

"Kasema hajambo. Aseme nini mbele za watu? Mama yangu kalelewa."

Nilibana kicheko. Mama yangu mimi angejibu hivyohivyo nyumba ikiwaka moto.

"Kwani anaumwa nini?"

"Kifua kinambana tangu alfajiri. Na mkono wa kushoto unakufa ganzi."

Muuguzi akasimama, basi bado linakwenda. "Hayo mmemwambia nani?"

"Nimuumbue mama, mwenyewe kasema hajambo?"

"Mpigie simu sasa hivi."

Akapiga. "Mama, hujambo?"

"Usimuulize hivyo! Mwambie amwonyeshe muuguzi wa mlangoni kifua!"

"Na ninyi mbona hamkumpima?"

Basi likasimama langoni mwa hospitali. Wakashuka mbio, mmoja akisema mngesema, mwenzake akisema mngepima. Nami nikashuka, ingawa kituo changu kilikuwa mbele.