Jicho la Fundi Cherehani

Kijiwe chetu ni benchi refu mbele ya duka la kinyozi, na mimi hukaa ncha ya kushoto, karibu na birika la kahawa. Asubuhi hiyo habari za mpira hatukuzigusa. Fundi Cherehani alikuja jicho la kulia linabubujika, tukajua mambo yameharibika. Miezi mitatu nyuma daktari alimpitishia kamera puani, akamtobolea njia mpya ya machozi baada ya ile ya kuzaliwa kuziba. Sasa na hiyo mpya imeziba. Jana tone lilidondokea gauni la bibi harusi, mwenyewe akalibeba akaondoka nalo. Na Fundi hana kazi nyingine anayoijua.

— Tundu lilikuwa dogo, alisema Bomba, fundi wetu wa mabomba. Mimi ningeweka inchi mbili.

— Inchi mbili puani? alidakia Kinyozi. Unapitisha machozi au paka?

— Wewe nyoa watu!

— Nanyoa, lakini najua. Taa ya ile kamera ni kali. Imekausha njia, nyama ikajikunja.

— Acheni porojo, alisema Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata kuku. Jicho lina akili zake. Limezoea kulia miaka minne. Ukilifungulia mlango wa uani linaona limedharauliwa, linaufunga lenyewe.

— Kwa hiyo dawa?

— Kulichekesha.

Tulikubaliana kwamba hapo Profesa kagusa penyewe. Fundi peke yake hakucheka.

Dada mmoja alikuwa anajaziwa chupa ya kahawa.

— Shikamooni. Na mimi nilifanyiwa hivyo hivyo, mwaka wa pili huu, jicho kavu. Kaka, yale maji ya chumvi ya hospitali, ulikuwa unaoshea pua kila siku?

— Wiki ya kwanza tu.

— Na kliniki? Si walikuambia urudi wakuangalie, wasafishe utando kabla haujaziba tundu?

— Sikurudi. Nilijiona nimepona.

— Basi nenda leo leo. Wanaweza kurudia, na safari hii ufuate masharti. Lakini kaka, nani alikwambia uache kuosha?

Bomba aliinamia kikombe kitupu. Profesa akakumbuka ana safari. Sote tulimwambia, tena hapa hapa, kwamba kidonda kibichi hakichokonolewi. Aliyeanza ni mimi, na nilikuwa na uhakika kabisa. Aibu ilinipanda hadi masikioni.

Fundi alinitazama, akafuta jicho, akamwambia dada amesahau ni nani.