Papa Salomon Musafiri, Aliyewafuata Waliokosa Randevu

Wandugu, majirani, na ninyi mliokaa pale nyuma mkinong'onezana tangu jana, familia inaomba mtege masikio, kwa maana historia ya Papa Salomon Musafiri ni hii, na ile inayozunguka chini ya turubai si yake.

Alizaliwa Lusangi tarehe 9 Machi 1976, akasoma shule ya msingi palepale, kisha sekondari Kasongo, mpaka vita vya 1996 vilipomrudisha nyumbani bila diplome, akauza mafuta ya mawese kwa baiskeli, na tarehe 14 Agosti 1999 akafunga ndoa na Mama Mathilde hapa Kabambare, Mungu akawapa watoto wanne, Sarah-Grâce akiwa kifungua mimba.

Mwaka 2012 alichaguliwa kuwa relais, mjumbe wa kituo cha afya mitaani, kazi yake kuwafuata nyumbani wagonjwa waliokosa randevu, siku yao ya kufika kuchukua dawa, na mwanzoni, jamani, walimkimbia, kwa sababu mlango aliobisha hodi mtaa wote uliutazama, ukasema yule mutu iko na kifua kikuu, na hata kuonekana njiani Jumanne, siku ya dawa za kifua kikuu, kulitosha mtu kunyimwa kikombe cha maji. Papa naye hakuwa mjinga, akaanza kusalimia kila nyumba, ya mgonjwa na ya mzima, akikaa kidogo kila mahali, akamsumbua muuguzi mkuu, Papa Antoine, mpaka Jumanne ile ikafutwa, wagonjwa wote wakachanganywa siku ya soko, benchi likajaa, na hakuna aliyejua mwenzake amefuata dawa gani.

Mwaka 2021 tansio, ugonjwa wa shinikizo la damu, ilimshika, akapewa randevu ya kila mwezi, na hapo ndipo tulipokosea sisi sote: Mama Mathilde alimwona akienda kituoni kila asubuhi, akaamini anapata dawa huko, Papa Antoine alimwona akizunguka pale kila siku, akaamini amekwisha kuhudumiwa, naye mwenyewe aliona haya kukaa kwenye benchi lile, akiogopa midomo yenu, randevu zikapita bila dawa, na hakuna aliyetumwa kumfuata, kwa sababu wa kutumwa alikuwa yeye.

Tarehe 2 Juni 2025, baada ya kula bugali na sombe, majani ya muhogo, nyumbani kwake, kichwa kilimuuma, mdomo ukapinda, akabebwa kwa pikipiki kuelekea hospitali ya Kasongo, akakata roho njiani kwenye matope. Mnaosema Mama Mathilde alitia kitu ndani ya sombe, na mnaotaka afukuzwe, sombe ile watoto wote walikula, na mimi Serge, mdogo wake marehemu, ninayewasomea, nilikula nikaongeza.

Tunawashukuru waganga wa kituo cha afya, wenzake wa kazi, mwenye pikipiki, na majirani waliolia kwa kweli.

Kaka Salomon, lala salama mikononi mwa Mungu, mke wako hatoki katika nyumba yako.